Habari za Salamu ya Krismasi na Waliochukizwa Nayo

Siku tatu kabla ya Krismasi ya mwaka 1534, John Fisher, askofu wa Rochester, mzee aliyekwisha kupita umri wa miaka sitini, aliandika barua kutoka katika ngome ya London iitwayo Tower, alikofungwa kwa kukataa kula kiapo ambacho Mfalme Henry wa Nane aliwataka raia wake wakile juu ya ndoa yake mpya na warithi wa kiti chake. Barua ilimwendea Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito wa kumtoa mzee yule gerezani au kumkaribisha kwenye shoka. Fisher hakuomba mengi: shati na shuka, kwa kuwa nguo zake zilikuwa zimechakaa hata zikamtia haya, chakula ambacho tumbo la mzee mgonjwa lingeweza kukipokea, kasisi wa kumwungamisha, na vitabu viwili vitatu vya kumwinulia moyo katika siku zile tukufu. Alipomaliza haja zake, hakufunga barua kwa laana wala kwa malalamiko, bali alimwombea yule aliyemshikilia apewe na Mungu Krismasi ya furaha na faraja. Mwezi wa Juni uliofuata askofu alikatwa kichwa.

Barua ile ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha ya Kiingereza ambamo salamu hiyo imepatikana karibu kwa maneno yatumiwayo mpaka leo, na jambo la kuangaliwa ndani yake ni kwamba katika uadui wote uliokuwa baina ya serikali na mfungwa wake, salamu haikuwa sehemu ya uadui. Leo, kila mwaka ukaribiapo kwisha, huulizwa katika nchi za Magharibi, na hasa katika Marekani, kama ni adabu kumwambia mtu usiyeijua dini yake "Krismasi njema", au kama ni salama zaidi kumwambia "Sikukuu njema" na kumwachia mwenyewe achague sikukuu aitakayo. Watu hulibishania neno hili kana kwamba lilizuka juzi, na kana kwamba wenye kuchukizwa ni Wayahudi, Waislamu, Wahindu na wasio na dini. Tarikhi haisemi hivyo. Watu wa kwanza kuudhiwa na Krismasi kwa kiasi cha kuiwekea sheria walikuwa Wakristo, tena wale waliosifiwa kwa ucha Mungu kupita wenziwao.

Miongoni mwao ni Wapuritani wa Uingereza, madhehebu yaliyotaka kanisa lisafishwe na kila desturi isiyokuwa na shahidi katika Biblia. Walisema kwamba Injili haikuitaja tarehe ya kuzaliwa kwa Kristo wala haikuamuru iadhimishwe; kwamba jina lenyewe la siku ile lilinuka misa ya Kikatoliki; na kwamba siku kumi na mbili za ulevi, kamari na nderemo zilimvunjia heshima yule aliyedaiwa kuheshimiwa. Hoja zao, mtu akizisikiliza bila ya chuki, hazikuwa za kipumbavu. Msikilizaji wa pwani yetu aliyewahi kukaa katika baraza ambamo masheikh wanahojiana juu ya Maulidi, huyu akisema ni bidaa na yule akisema ni ibada, atazitambua mara moja, maana ni hoja zile zile zikivaa nguo za nchi ya baridi.

Neno lililozitia sumu hoja hizo ni amri. Mwaka 1621, katika koloni changa la Plymouth, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, gavana William Bradford aliwaita watu wake kazini asubuhi ya Krismasi kama siku nyingine yoyote. Baadhi ya wageni waliowasili karibuni wakamwambia kwamba dhamiri zao haziwaruhusu kufanya kazi siku ile. Gavana akawasamehe, akasema atawaachilia mpaka watakapoelimika zaidi, kisha akaondoka na wengine kwenda kazini. Aliporudi adhuhuri akawakuta njiani wakicheza waziwazi, wengine wakishindana kurusha gogo na wengine wakicheza mpira. Akawanyang'anya vyombo vya michezo, akawaambia kwamba dhamiri yake naye haimruhusu kuwaona wakicheza ilhali wenzao wanafanya kazi, na kwamba kama siku ile kwao ni ya ibada, basi na wakae majumbani mwao waabudu. Bradford aliiandika habari hii katika kitabu chake kwa mzaha, na mzaha wenyewe una utamu wake. Lakini tuangalie nani ndani ya kisa hiki alikuwa na mpira na nani alikuwa na serikali. Dhamiri mbili zilikutana njiani, na moja katika hizo ilikuwa na uwezo wa kunyang'anya.

Katika Uingereza yenyewe uwezo huo uliwafikia Wapuritani wakati wa vita baina ya Bunge na Mfalme Charles wa Kwanza. Mwaka 1644 Krismasi iliangukia Jumatano ya mwisho wa mwezi, siku ambayo Bunge lilikuwa limeiweka iwe ya saumu na toba, na Bunge likaamua kwamba saumu ishinde sikukuu. Mwezi wa Juni 1647 likapiga hatua iliyobaki, likazifuta Krismasi, Pasaka na Pentekoste kwa sheria. Krismasi ya mwaka ule ilikuwa Jumamosi, na katika mji wa Canterbury, makao makuu ya kanisa la Waingereza, meya aliamuru soko liwe wazi kama ilivyo ada ya Jumamosi. Wachuuzi wachache wakatii. Umati ukawaendea, ukawataka wafunge. Waliokataa bidhaa zao zikatupwa huku na huku. Mipira ikaletwa barabarani, matawi mabichi yakatundikwa milangoni, na meya alipotoka kutuliza ghasia akaangushwa chini. Fitina iliyoanza kwa duka kufunguliwa haikuishia dukani, kwani mwaka uliofuata jimbo zima la Kent liliasi kwa silaha, na hasira za Krismasi ile zilihesabiwa miongoni mwa sababu.

Miaka kumi baadaye, tarehe 25 Desemba 1657, mwandishi wa shajara John Evelyn alikwenda na mkewe katika kanisa dogo la Exeter House mjini London kupokea sakramenti. Askari walilizingira kanisa, na waumini walipokuwa wakisogea mbele kupokea, askari waliwaelekezea bunduki. Evelyn alishikwa, akahojiwa na makanali wa jeshi, akaulizwa kwa nini amethubutu kuadhimisha siku iliyokatazwa, kisha akaachiliwa. Ni vigumu kupata mfano mwingine ulio wazi kuliko huu, wa Mkristo aliyeelekezewa bunduki na Mkristo mwenzake kwa sababu ya kusherehekea kuzaliwa kwa Kristo. Na kila nisikiapo leo kwamba Krismasi inapigwa vita na mataifa mengine, hunijia habari ya asubuhi ile.

Koloni la Massachusetts lilifuata nyayo hizo hizo. Sheria ya mwaka 1659 ilisema kwamba yeyote atakayeonekana akiadhimisha Krismasi, ama kwa kuacha kazi, ama kwa karamu, ama kwa njia nyingine yoyote, alipe faini ya shilingi tano. Ilifutwa mwaka 1681 kwa kusukumwa na serikali ya London, wala si kwa sababu watu wa Boston walikuwa wamegeuza nia. Gavana mpya, Sir Edmund Andros, alipoletwa na mfalme mwaka 1686, alihudhuria ibada ya Krismasi mjini Boston akiwa na askari wa koti jekundu ubavuni pake. Samuel Sewall, hakimu Mpuritani aliyekuwa akiandika habari za mji ule siku kwa siku, alitia habari hiyo katika shajara yake, kama alivyotia kila mwaka, kwa kuridhika dhahiri, kwamba maduka yalikuwa wazi na mikokoteni ilikuja mjini na kuni kama kawaida. Yule aliyekatazwa jana na sheria alihisi uchungu. Huyu aliyeletewa sikukuu leo pamoja na bunduki alihisi uchungu ule ule. Kwa Scotland nitasema moja tu: kanisa la huko liliizima Krismasi kwa bidii hata ikawa siku ya kazi kwa walio wengi, na haikurudi kuwa sikukuu ya serikali mpaka mwaka 1958.

Krismasi ilipofufuka katika karne ya kumi na tisa haikufufuliwa na maaskofu. Mwaka 1843, Henry Cole, mtumishi wa serikali mjini London, mtu mwenye shughuli tele na marafiki wengi kuliko nafasi ya kuwajibu barua zao, alimwajiri mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja ya kuchapishwa, yenye maneno ya kutakia Krismasi ya furaha na mwaka mpya wa heri. Kadi zilizobaki ziliuzwa kwa shilingi moja, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida hakuiweza. Nayo kadi ile ya kwanza ilizua malalamiko, ila hayakuwa ya dini: kati ya picha palichorwa jamaa wa nyumba moja wakinyanyua bilauri za mvinyo, na mtoto mdogo akinyweshwa, na watu waliokuwa wakipigana na ulevi wakaona ni aibu. Mwaka huo huo Charles Dickens alitoa kisa chake cha bahili Scrooge, na mambo haya mawili, kadi na kitabu, yalisaidia kuigeuza salamu iliyokuwa ya kanisani na mezani ikawa ya posta na ya dukani. Katika Marekani, Louis Prang, mpiga chapa mzaliwa wa Breslau aliyehamia Boston, alianza kuuza kadi zake mwaka 1875, nyingi zikiwa za maua, ndege na watoto. Hivyo katika mji ule ule uliowahi kutoza faini, salamu ikawa bidhaa.

Serikali ya Marekani iliitambua Krismasi kuwa siku ya mapumziko kwa watumishi wake wa mji wa Washington mwaka 1870, pamoja na siku kuu nyingine za kiraia, bila ya mjadala mkubwa. Lakini nchi iliyopitisha sheria ile haikukaa kama ilivyokuwa. Kuanzia miaka ya 1880 walihamia huko Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki zaidi ya milioni mbili, wengi wao wakikimbia mateso ya Urusi, na watoto wao wakajaa shule za serikali za New York. Huko ndiko swali la leo lilikoanza kusikika. Desemba 1905, katika shule moja ya Brooklyn ambayo wanafunzi wake walikuwa Wayahudi kwa wingi, mwalimu mkuu aliwahutubia watoto katika sherehe ya Krismasi akiwahimiza wawe kama Kristo. Wazazi walilalamika, hawakuridhika na jawabu walilopewa, na Desemba ya 1906 maelfu ya watoto wa Kiyahudi hawakuhudhuria sherehe za kufunga shule. Halmashauri ya elimu ilipojaribu mwaka uliofuata kuziondoa nyimbo za dini, upande wa pili nao ukaruka, ukisema kwamba watoto wa Kikristo wamenyang'anywa sikukuu yao. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Wale wazazi hawakusema kwamba jirani wa Kikristo asiwatakie heri. Waliyemkataa alikuwa mwalimu mwenye mamlaka juu ya mtoto wa darasani, ambaye mtoto hawezi kumjibu wala kumwacha.

Magomvi hayo yakapata wafadhili. Gazeti la tajiri wa magari Henry Ford, katika miaka ya mwanzo ya 1920, liliwashutumu Wayahudi pamoja na mengi mengine kwamba wanaiua Krismasi. Ford mwenyewe aliomba radhi hadharani mwaka 1927 kwa yale yote gazeti lake lililowasingizia, lakini tuhuma ikiisha kupandwa haing'olewi kwa radhi. Mwaka 1959 chama cha John Birch kilitoa kijitabu kikidai kwamba makomunisti na Umoja wa Mataifa wanakula njama ya kuyabadili mapambo ya Krismasi madukani.

Baina ya tuhuma hizo mbili alikuwapo mtu ambaye maisha yake yangetosha kuzifuta. Irving Berlin alizaliwa mwaka 1888 katika dola ya Urusi, mwana wa mwimbishaji wa sinagogi, akaletwa New York akiwa na umri wa miaka mitano. Hakuwa na elimu ya muziki ya kuandikwa, hata piano aliipiga kwa namna yake mwenyewe, lakini alizifahamu nyoyo za wenyeji wake wapya kupita walivyojifahamu. Alimwoa mke Mkatoliki, na mtoto wao wa kiume, akiwa na wiki chache tu duniani, akafariki siku ya Krismasi ya mwaka 1928. Tangu hapo wazazi wale walikuwa wakilizuru kaburi lake siku hiyo ya mwaka. Mtu huyo ndiye aliyetunga wimbo wa Krismasi nyeupe, ambao Bing Crosby aliuimba katika redio siku ya Krismasi ya 1941, majuma machache baada ya Marekani kuingia vitani, ukawa faraja ya askari waliokuwa mbali na kwao. Na katika filamu ile ile ya mwaka 1942 iliyoutangaza wimbo huo duniani, *Holiday Inn*, umo wimbo wake mwingine, wa kuwatakia watu heri ya sikukuu bila ya kuitaja ni ipi. Salamu mbili ambazo leo watu wanazifanya bendera za majeshi mawili zilitiwa nyimboni na kalamu moja, katika filamu moja, na mwenye kalamu alikuwa Myahudi asiyeona haja ya kuzigombanisha.

Mahakama nazo zilitiwa katika shauri. Mwaka 1984 majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua kwamba mji wa Pawtucket unaweza kuendelea kuonyesha sanamu za hori la Bethlehemu, kwa kuwa zilikuwamo pamoja na nyumba ya Baba Krismasi na wanyama wavutao gari lake. Mwaka 1989 mahakama hiyo hiyo ilikataza hori lililowekwa peke yake ndani ya nyumba ya mahakama mjini Pittsburgh, ikaruhusu kinara cha Kiyahudi kilichosimama nje karibu na mti mkubwa wa Krismasi. Mimi siwalaumu majaji, kazi yao ni ngumu. Ila ni ajabu ya zama zetu kwamba mtoto Yesu ahitaji udhamini wa mzee wa ndevu nyeupe ili akubaliwe uwanjani.

Msomaji Mwislamu ataniuliza: na sisi? Shauri hili kwetu ni la zamani. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Dameski aliyefariki mwaka 1350, aliharamisha kabisa kuwapa tahnia watu wa dini nyingine kwa sikukuu za imani yao. Katika zama zetu, Sheikh Yusuf al-Qaradawi na Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti waliiruhusu tahnia hiyo kwa jirani, mwenzi wa kazi na jamaa wasiotupiga vita, wakitegemea aya ya nane ya sura ya al-Mumtahana. Kauli hizo mbili huwafikia Waislamu wa Tanzania na Kenya kila Desemba, katika nchi ambazo kalenda zake za serikali zina Idi na Krismasi pamoja, na ambako jirani aliyekuletea pilau ya Idi hutazamia kuonana nawe. Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha Indonesia. Machi 1981 baraza la maulamaa la huko lilitoa fatwa kwamba ni haramu kwa Mwislamu kushiriki sherehe za Krismasi, jambo lililohusu kushiriki, si kutamka heri tu. Serikali ikataka fatwa iondolewe. Mwenyekiti wa baraza, Hamka, mwanachuoni na mwandishi wa riwaya aliyependwa na watu wa kila upande, akajiuzulu mwezi wa Mei kuliko kuikana fatwa kwa kushinikizwa, na miezi miwili baadaye akafariki. Mtu anaweza kutokubaliana na fatwa ile, nami ningemfuata al-Qaradawi, na bado akamheshimu mzee aliyekataa kuamriwa hukumu ya dini na wizara.

Heri ya Idi nayo ilipata waliochukizwa nayo. Tarehe 1 Septemba 2001, baada ya Waislamu wa Marekani kuomba kwa miaka, posta ya nchi ile ilitoa stempu ya Idi ya senti 34, yenye rangi ya samawati na khati ya dhahabu ya Kiarabu iliyoandikwa na Mohamed Zakariya, Mmarekani aliyesilimu. Siku kumi baadaye minara ya New York ikaanguka. Zilisikika sauti zikitaka stempu iondolewe, na baraka za Idi ambazo hazikuwa zimemdhuru mtu zikasomwa kama matusi. Posta haikuiondoa, mwaka 2002 iliitoa tena kwa bei mpya ya senti 37.

Katika Uingereza, Halmashauri ya mji wa Birmingham ilipotumia mwaka 1997 na 1998 jina moja la Winterval kutangaza shughuli zote za majira ya baridi, Krismasi ikiwamo kwa jina lake, pamoja na taa zake na nyimbo zake, uvumi ukaenea kwamba mji umeifuta Krismasi. Ulirudiwa magazetini zaidi ya miaka kumi. Novemba 2011 gazeti la Daily Mail lilichapisha sahihisho la mistari michache.

Katika Marekani, mwaka 2005 ndio uliokoleza mambo. Mtangazaji John Gibson alitoa kitabu kilichoitwa vita juu ya Krismasi; Rais George W. Bush, Mkristo asiyeficha imani yake, akalaumiwa na baadhi ya wafuasi wake kwa sababu kadi ya Ikulu ilitaja majira ya sikukuu, ijapokuwa ilikuwa na aya ya Zaburi ndani yake. Na vyama vya Kikristo vikatangaza kuyasusia maduka makubwa ambayo matangazo yake hayakutaja Krismasi. Wenye maduka ni watu wa hesabu. Walikuwa wameichukua salamu ya jumla ili wasimpoteze mteja wa upande mmoja, na walipoona wanampoteza wa upande wa pili, wakaigeuza: Novemba 2006 kampuni ya Walmart ilitangaza kwamba Krismasi itarudi kwa jina lake katika matangazo na maduka yake. Mteja aliyetaka kusema lolote alikuwa huru kulisema miaka yote miwili. Aliyebadilishiwa maneno kwa waraka wa ofisi, aliyekuwa Mbatisti, Myahudi, Mwislamu au asiye na dini, ni karani wa malipo, ambaye mshahara wake ulihesabiwa kwa saa na ambaye katika makelele yale yote, kwa pande zote mbili, hakuulizwa.